Waya wa Hilja Uliopita Ukuta wa Sauna

Kwanza niapie. Weka kikombe chini, niangalie usoni, useme hutamwambia mtu, hata mumeo, hata yule mama wa maktaba anayejifanya hasikii. Mimi mwenyewe nilimwapia Hilja Tuppurainen, nikiwa nimemshika mkono, kwamba haya yatabaki nyumbani kwake. Nimekaa nayo siku nne. Siku nne kwangu ni nyingi, utanisamehe.

Ilianza na maneno machache kwenye skrini: "Waya wa mtandao haujachomekwa."

Hilja ana miaka themanini na mmoja. Kompyuta yake ni ile ya marehemu mumewe Urho, nzito kama kondoo mwenye mimba, ikiwashwa inakohoa kabla ya kuamka. Kila asubuhi saa tatu kamili, Marjut wa huduma ya wazee humpigia kwa kompyuta hiyo, amwone uso, amwone akimeza dawa ya moyo. Ndilo sharti la kuachwa aishi kwake. Asipoonekana mara tatu ndani ya mwezi mmoja, anahamishiwa nyumba ya wazee Kajaani, na nyumba yake ya mbao kando ya ziwa inabaki mikononi mwa mwanawe Raimo. Niseme mikononi mwa Sirpa, mke wa Raimo, maana Raimo hajawahi kuwa na mikono.

Sirpa alikuja na Raimo kutoka Helsinki mwezi wa kumi, "kumsaidia mama." Wiki ya kwanza akapima madirisha. Ya pili akapanga nguo za Hilja ndani ya sanduku na kulisimamisha karibu na mlango.

"Tahadhari tu, mama," alisema. "Wakija kukuchukua usihangaike."

Basi siku ile maneno yale yalipotokea, Hilja aliinama nyuma ya kompyuta. Waya ulikuwa umechomekwa vizuri. Akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena mpaka ukalia kap. Pembeni mwa tundu kuna taa ndogo ya kijani, haikuwaka. Saa tatu ikapita. Simu ya ukutani ikalia, Sirpa akaiwahi.

"Ndiyo, Marjut. Hayuko sawa leo. Anazungumza na waya."

Saa tatu na nusu taa ikawaka yenyewe.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili, wiki iliyofuata, kulikuwa na harufu.

Hapa lazima nikueleze ule waya. Kisanduku cha mtandao kiko barazani, kompyuta iko chumbani, na katikati ni sauna, kile chumba chetu cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto. Urho, bahili yule, alitoboa akapitisha waya ndani ya ukuta wa sauna, ukapungua mita mbili, akaunga kipande kingine humo humo ukutani, akafunika maungio kwa kibao kwenye chumba cha kuvulia nguo. Mtu akikivuta kibao anayaona.

Na sauna ile ina mwenyewe. Hapa kwetu kila sauna ina jini wake, usinikunjie uso. Jumamosi, siku ya kuoga, mtu wa mwisho kutoka humwaga kata moja ya maji kwenye mawe ya moto, anamshukuru, anafunga mlango, na mvuke ule si wa binadamu tena. Hilja hajawahi kukosa kumwachia mvuke huo. Sirpa, Jumamosi yake ya kwanza, alicheka mpaka akakohoa.

"Nimwachie nani mvuke? Panya?" Akarudi ndani baada ya kata ya mwisho, akakaa uchi juu ya benchi la juu, akapiga mluzi, akamwaga maji tena na tena mpaka mawe yakapoa. Hilja alisimama nje ya mlango, mkono kifuani.

"Toka, Sirpa. Zamu yako imekwisha."

"Mwambie huyo jini wako anisugue mgongo!"

Basi asubuhi ile ya pili, Jumatano, jiko la mawe lilikuwa baridi tangu Jumamosi, na nje giza letu la Novemba lilikuwa halijapasuka. Taa ya kijani ikazimika saa tatu kasoro dakika kumi. Hilja akanusa moshi wa kuni na majani mabichi yaliyochemka, harufu ya sauna iliyowashwa. Akatembea kwa kushika ukuta mpaka mlango wa sauna, akaweka sikio, na ndani, taratibu, kama mtu asiye na haraka, kuna aliyekuwa anamwaga maji kwenye mawe, na mawe baridi yale yalikuwa yanalia ssss, yananyamaza, yanalia tena, na baada ya kila kilio benchi la juu lilikuwa linalalamika kwa uzito wa mtu anayejisogeza awe karibu zaidi na ukuta.

"Raimo," alinong'ona. "Mwanangu, njoo usikie."

Raimo alikuja na soksi moja. Akasikiliza. Akawa mweupe kama jibini.

"Sisikii kitu, mama," alisema, akaenda kujifungia chooni.

Sirpa aliingia kutoka nje akinuka sigara. Kila asubuhi, wakati ule ule, alikuwa akienda kuvuta nyuma ya sauna. "Mara mbili hizo, mama," alisema akivua koti. "Imebaki moja."

Hilja akamwita Eino Huttunen. Eino alipanda nguzo za simu miaka thelathini na minane, na magoti yake yanasema hivyo. Alikuja akakuta taa inawaka.

"Ugonjwa wako unapona daktari akifika," alimwambia.

"Usinichekeshe, Eino. Wananipeleka Kajaani."

Akaacha kucheka. Alijaribu tundu la kompyuta kwa waya mfupi, likaitika. Wakaibeba ile kompyuta, Eino na Raimo wakitukana, mpaka barazani, wakaichomeka moja kwa moja kwenye kisanduku. Ikafanya kazi saa nzima. "Mashine nzima, kisanduku kizima," Eino alisema. "Kilichobaki ni ukuta." Akaenda peke yake kwenye kile kibao. Alikaa kidogo, akarudi, akaomba kahawa, akamwambia Hilja sikioni:

"Kibao kina alama za kucha. Kucha zilizopakwa rangi nyekundu."

"Basi si yeye," Hilja alinong'ona.

"Nani?"

Hilja akautupia jicho mlango wa sauna. Eino akachukua kopo la lami ya msonobari tunayopaka mitumbwi, akaipaka kwenye yale maungio kote. Lami ile haitoki kwa sabuni wala kwa machozi. Jumamosi jioni Hilja aliingia sauna peke yake, wa mwisho, akamwaga kata yake. Mimi nilikuwa natafuta kitambaa changu kwenye chumba cha kuvulia nguo, nikamsikia anasema pole pole: "Nisamehe kwa yule. Ukimtaka, sitakuuliza."

Jumatatu alitualika watu saba kwa kahawa na mikate ya iliki, saa mbili na nusu asubuhi. Tulikaa tukitazama ile taa ya kijani. Sanduku lilikuwa bado mlangoni.

Saa tatu kasoro robo Sirpa alisimama. "Naenda kuvuta."

"Theluji ile yote?" nilimwuliza.

"Wewe bibi, kunywa kahawa yako."

Tulimsikia akienda barazani, tukasikia mlango wa nje, kisha tukasikia, pole pole, mlango wa pili, ule wa chumba cha kuvulia nguo. Eino akainua kidole. Taa ya kijani ikazimika. Skrini ikaandika: "Waya wa mtandao haujachomekwa."

"Twendeni," Eino alisema.

Hatukufika mlangoni kabla ya kelele. Haikuwa kelele ya mtu aliyefumaniwa, ilikuwa ya mtu anayetafunwa polepole, na ile harufu ya moshi na majani ikatupiga usoni ukumbini, ya moto, yenye majimaji, mpaka miwani ya Eino ikajaa ukungu, na alipovuta mlango wa chumba cha kuvulia nguo tulimwona Sirpa amepiga magoti kando ya ukuta, kibao kiko sakafuni, kiganja chake cha kushoto cheusi kwa lami, na mkono wa kulia umeingia kwenye tundu la ukuta.

"Umekamatwa, bibie," Eino alisema. "Mbele ya watu saba."

"Ni mimi, ni mimi, nakubali, mara zote mbili ni mimi!" Sirpa alikuwa analia kamasi. "Nitoeni! Raimo, mume wangu, nivute! Ameushika mkono wangu!"

"Nani kaushika?"

"Ananivuta vidole kimoja kimoja!"

Eino akafungua mlango wa ndani, wa kuingilia sauna yenyewe, akamulika tochi. Ukuta ule unene wake ni vidole vinne. Mimi mwenyewe nimewahi kuupima kwa macho. Mkono wa Sirpa ulikuwa umezama mpaka kwapani, na upande wa pili haukutokeza hata ukucha. Jiko lilikuwa baridi. Juu ya mawe maji yalilia ssss.

Raimo akapiga hatua moja mbele, kisha akarudi mbili.

Nyuma yetu chumbani kompyuta ikakohoa, na simu ya Marjut ikaanza kuita. Niligeuka. Taa ya kijani inawaka, imetulia. Hilja alikuwa hajainuka kitini. Alibonyeza kitufe, akatengeneza nywele.

"Habari za asubuhi, Hilja!" Marjut alisema. "Leo nakuona vizuri kabisa. Kelele gani hizo?"

Bega la Sirpa lilikuwa limeanza kuingia.

"Ah, ni mkwe wangu," Hilja alisema, akaweka kidonge chake ulimini. "Yuko sauna na mwenyeji."