Bahasha Iliyokaa kwa Kaka

"Weka sahihi, dada, twende zetu. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Sikuja hapa kuuza sura."

"Haya, kaa na ukaidi wako. Ukiingia mle ndani bila wakili, yule wakili wa mumeo atakutafuna mzima mzima."

"Nitamkwama kooni."

Hayo yalisemwa asubuhi kwenye korido ya mahakama, nje ya chumba namba nne. Aliyekataa kusaini ni jirani yangu, fundi cherehani. Nusu ya sare za shule za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Aliyekuwa akimsukuma ni kaka yake wa tumbo moja. Mimi nilikaa katikati yao, mkoba wa fundi mapajani. Kwa hiyo nawaambieni niliyoyaona, si niliyosimuliwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa makubaliano ya kugawana mali. Mume, ambaye mtaa mzima unamwita Mabati kwa biashara yake, achukue nyumba. Fundi achukue vyerehani viwili, kabati na vitanda vya watoto. Talaka ilikuwa imeshatoka. Kilichobaki ni nyumba, na mnunuzi aliyeletwa na Mabati alikuwa ameshakuja mara mbili kupima madirisha, huku fundi na watoto wake wawili wakimkodolea macho kutoka chumba cha mbele anakoshonea.

Msidhani nyumba ile ilikuwa ya vita tangu zamani. Miaka ya mwanzo ungepita jioni ungemkuta Mabati amekaa kwenye mkeka, anamsaidia mkewe kushona vifungo vya mashati ya shule. "Bosi, mshahara unatoka lini?" anamtania, na watoto wanacheka. Kiwanja cha nyumba hiyo walinunua wote wawili, wakaandika majina mawili. Kisha Mabati akafungua duka la pili, na baada ya duka la pili ikaja familia ya pili, ambayo mkewe aliisikia kwa mteja aliyekuja kupunguza sketi.

Wakili mmoja alipomtajia fundi gharama, fundi alishukuru akaondoka. "Nitajisimamia mwenyewe," akaniambia. Hapo simlaumu, wengi wetu tungefanya hivyo. Namlaumu kwa mawili mengine. La kwanza, aliandika kurasa kumi na tatu za maovu ya mumewe, akadhani hiyo ndiyo kesi. La pili ni zito zaidi. Kwao wana desturi: mwanamke akikosana na mume, karatasi zake zinakaa kwa kaka. Mama yake alifanya hivyo, shangazi zake walifanya hivyo. Basi naye alikusanya hati na risiti zote, akazitia kwenye bahasha, akampelekea kaka. Nilimuuliza kama ametoa nakala.

"Nakala ya nini, mama? Si ni kaka."

Tukaitwa. Chumba kilikuwa kidogo, feni linazunguka kwa kusuasua, mabenchi yamebanana. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa na rundo la mafaili na hakuonekana kuwa na muda wa kupoteza. Mabati alikaa na wakili wake. Mimi na kaka tukakaa benchi la nyuma ya fundi.

Fundi akasimama na kurasa zake. "Mheshimiwa, mwaka wa tatu wa ndoa yetu, huyu bwana alianza kulala..."

"Mama," hakimu akamkatiza, wala hakufoka. "Talaka umeshapewa. Leo sihitaji kujua alilala wapi. Leo ni siku ya kwanza ya shauri la mali. Nataka kujua mna nini, kila mmoja ana karatasi gani, na unaiomba mahakama ifanye nini. Umeleta orodha?"

Orodha hakuwa nayo. Mabati akaangalia viatu vyake akitabasamu. Kaka akaguna kando yangu, kama mtu anayesema nilimwambia.

Wakili akainuka. Mteja wake, alisema, ameleta hati ya mauziano ya kiwanja, na jina la mnunuzi ni lake peke yake.

"Mama amepewa nakala?" hakimu akauliza.

Hakuwa amepewa. Karani akamletea. Ilikuwa karatasi moja. Fundi akaitazama, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye pembe ya chini palipokuwa na doa jeusi lenye ncha. Nikaona mgongo wake unakakamaa.

"Mheshimiwa, hili doa ni la pasi yangu," akasema. "Niliiunguza hati hii mwenyewe, nilipokuwa napiga pasi sare, nikaificha nisigombezwe. Huyu bwana hajawahi kuishika tangu siku hiyo. Na ina kurasa mbili. Wa pili ndio wenye jina langu na sahihi zetu. Uko wapi?"

"Mteja wangu alipata ukurasa mmoja tu," wakili akasema haraka.

"Aliupata wapi?" hakimu akauliza.

Wakili akamgeukia Mabati. Macho ya Mabati yalikuwa yameshakimbilia benchi letu. Fundi akayafuata. Akamkuta kaka yake anachezea simu iliyozimwa.

Sijui niwaambieje. Nimewahi kumwona mtu akipewa habari za msiba. Uso ni uleule.

Kaka akainama mbele, akanong'ona, "Dada, haya tukayazungumze nyumbani. Shemeji amenipa nisimamie duka la pili. Na mimi nina watoto."

"Hilo koti ulilovaa," fundi akamwambia kwa sauti ya chini, "nililishona mimi."

"Usiniaibishe mbele za watu, dada yangu."

"Kimya huko nyuma," hakimu akasema. "Mama, nakuuliza tena. Unaomba nini?"

Nilijua anachopima. Akinyamaza, anapoteza paa la watoto wake. Akisema, ukoo mzima utamwita mwanamke aliyempeleka kaka yake mahakamani, na hakuna shangazi atakayemfungulia mlango. Akakunja zile kurasa kumi na tatu, akaziweka chini ya benchi. Kisha akanyoosha mkono, akaelekeza kidole.

"Naomba nyumba isiuzwe wala kuguswa mpaka shauri liishe. Na naomba mahakama imwamuru huyu hapa, mwenye koti la kijivu, kaka yangu, alete bahasha niliyomkabidhi, yote, na ukurasa wa pili ukiwemo. Jina lake andikeni sasa hivi."

Akamtajia karani jina la kaka yake, herufi kwa herufi, na karani akaandika.

FUNZO

Jamani, sisemi makaka ni wabaya. Ninao wawili, nawapenda, na hati zangu ziko kwangu. Ninachosema ni kwamba karatasi ya mali yako usimpe mtu yeyote, awe wa damu au wa ndoa, kabla hujatoa nakala. Aliyekupenda jana anaweza kupewa duka leo.

Na kama huna wakili, nenda, usiogope, ila usiende na machungu peke yake. Machungu tuletee sisi majirani, tutayasikiliza mpaka chai ipoe. Hakimu mpelekee orodha: kilichopo, kilipo, karatasi zake, na unachoomba. Siku ya kwanza mahakamani ni ya hayo. Fundi aliyajua akiwa amesimama, ilipobaki kidogo tu achelewe.

Nawe kaka unayetunza bahasha ya dada yako, irudishe leo.