Alama Mbili Mbele ya Malitiwala

Walijuana kwa kugongana. Lango la ghala la hekalu, mjini Hattusa, lilikuwa limejaa watu na punda asubuhi ile. Armawiya, mwoka mikate, kabeba sinia la vikate vya asali, kijana mwandishi kabeba kibao cha udongo mbichi. Vikate vikamrukia yule kijana kwenye joho lake jeupe, udongo ukaishia kwenye mshipi mwekundu wa Armawiya.

"Macho umeyaacha nyumbani?" Armawiya akafoka.

"Nimeyaacha kwenye sinia lako." Akalamba asali mkononi. "Hiki kinaitwaje?"

"Malitiwala. Kwetu Hupisna, kwa Waluwi, asali ni malit. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kukikunja hivi, kama sikio la mtoto, lozi ndani. Na acha kujilamba mbele za watu."

Jina lake Hasduili. Akarudi kesho yake, na keshokutwa yake, kila mara anasingizia njaa. Zabibu zilipoiva, Armawiya alikuwa hajiwezi kwa penzi lake. Kuhusu ndoa, Hasduili alikuwa na jibu moja tu: "Nangoja nizungumze na mama, asali wangu."

Majira ya kuchipua, hekalu likachagua malitiwala kwa sikukuu, na Hasduili akapewa kazi ya kuandika orodha ya mikate yote. Armawiya akampelekea chakula cha mchana kazini. Hakumkuta. Alikuwepo mwenzake, Zuwani, mtu wa midomo.

"Njoo uone mkate wako," akasema, akanyoosha kidole kwenye kibao ambacho hakijakauka. "Jina lake hili hapa. Na hivi vialama viwili vya mshazari mbele yake, kama vimisumari, unajua ni vya nini? Tunaviweka kwenye neno la wageni. Lisilo letu."

Damu ikampanda Armawiya. Miaka kumi na miwili anawalisha watu wa mji huu, bado mgeni? Akakunja ngumi, akaididimiza kwenye udongo mpaka mistari minne ikapotea.

Hasduili akaingia wakati huohuo. "Umefanya nini?"

"Nimefuta upuuzi wako. Kwenye mikate yangu unajaza tumbo, kwenye kibao unaniita mgeni."

"Nisikilize, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

"Mpishi mkuu wa jumba la mfalme anadai mkate huo ni wake, kaubuni yeye. Mkubwa wangu akaniamuru niuandike bila alama, uonekane umezaliwa jikoni kwa mfalme. Nikakataa. Hizo alama ndizo zinazosema umetoka kwenu. Nimetukanwa siku tatu kwa ajili ya vimisumari hivyo."

Zuwani akatazama pembeni. Armawiya akaona ni kweli, na moyo ukamlainika kidogo. Kidogo tu, maana swali lingine lilikuwa limemkaa kooni tangu zabibu.

"Na mama yako umemwambia nimetoka wapi?"

Hasduili akaanza kuulainisha udongo uliodidimizwa.

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwambia wewe ni wa hapahapa. Wa mtaa wa juu." Akakisukuma kibao pembeni. "Hawapendi Waluwi, Armawiya. Nilitaka kwanza akuzoee."

"Kumbe udongo unauambia ukweli, mama yako unamdanganya." Akajipangusa udongo ngumini. "Mpishi kaniibia mkate, wewe umeniibia kwetu. Twende kwake sasa hivi. Ukishindwa, usikanyage tena mlangoni kwangu."

Wakapanda mtaa bila kusemezana, yeye mbele, Hasduili nyuma na vidole vyenye udongo. Mama mtu alikuwa kizingitini anachambua dengu.

"Mama," Hasduili akasema, "huyu ndiye Armawiya. Ni Mluwi, wa Hupisna. Nilikudanganya. Nataka kumuoa."

Mama akamkagua Armawiya toka mshipi hadi viatu. Akainuka na ungo wake.

"Ukimtaka huyo, humu usiingie," akasema, akafunga mlango.

Armawiya akasubiri Hasduili agonge, abembeleze, aombe radhi. Alishajiandaa kuondoka peke yake. Hasduili hakugonga. Aliupa mlango mgongo, machozi yanamtoka, akabaki pale alipo, upande wa nje.

"Bado nina hasira na wewe," Armawiya akasema.

"Najua."

"Na nitakuwa nazo mpaka siku ya harusi."

"Harusi ipi?"

"Usinichokoze. Futa machozi, tembea. Baba yangu anakaa mbali."