Bustani ya Bilan na Dawa ya Kupe

Kila asubuhi, baada ya kuswali, Bilan alimwagilia sukumawiki nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Iftin mjini Garissa. Alitumia maji aliyooshea mchele. Majirani walimcheka. Aliyecheka zaidi ni shemeji yake, Ogle.

"Sisi ni watu wa mifugo," Ogle alisema. "Majani ni chakula cha mbuzi. Mwisho wa mwezi najenga zizi hapa."

"Jenga kwako," Bilan akajibu. "Hapa watoto wangu wanakula."

Kisha viwavi wakaja. Walikuwa wadogo, wa kijani, na walikula majani hadi ikabaki mishipa tu. Bilan alikasirika sana. Viwavi hawa walikuwa wanamsaidia Ogle kupata nafasi ya zizi lake.

Mumewe, Dagane, aliona huruma. Akaleta dawa ya kupe na bomba la kunyunyizia mbuzi.

"Hii imemaliza kupe wote," alisema. "Kiwavi ni nini?"

Bilan akalishika bomba. "Ngoja. Mbuzi akipigwa dawa, hatumchinji siku hiyo. Na hii mboga tunakula kesho?"

Bilan akamwita jirani yao Idman, afisa wa kilimo.

"Umefanya vizuri kuuliza, abaayo, dada yangu," Idman alisema. "Dawa ya kupe ni ya mifugo. Kwenye mboga ni sumu, itadhuru watoto. Hata bomba hilo msilitumie, lina mabaki ya dawa."

"Sasa tuwaache wamalize shamba?" Dagane akauliza.

"Hapana." Idman aligeuza jani moja. Chini yake kulikuwa na mayai madogo ya manjano. "Mnaangalia juu, na wao wako chini. Geuzeni majani asubuhi na jioni. Pondeni mayai. Okoteni viwavi, wapeni kuku. Kisha twangeni majani ya mwarobaini, mloweke usiku kucha, mchuje, mtie sabuni kidogo. Nyunyizeni jioni, juu na chini ya majani. Rudieni kila wiki. Na mboga mzioshe vizuri kabla ya kupika."

Mwarobaini ulikuwa pale pale getini. Miaka yote waliutumia kwa kivuli tu. Bilan alitoboa kifuniko cha chupa safi ili anyunyizie nayo, akaanza kazi. Dagane alifungia dawa ya kupe mbali na watoto.

Ogle alipita akamkuta ameinama. "Siku hizi unachunga wadudu?"

"Ndiyo," Bilan alisema, "na hakuna atakayenitoroka."

Baada ya wiki tatu, majani mapya yalitoka mazima. Bilan alifurahi, lakini hakuacha kuyageuza.

Mwisho wa mwezi, Ogle alikuja na nguzo za zizi. Bilan alimwekea wali na sukumawiki. Ogle alikula yote. Akaomba aongezewe.

Alipomaliza, alizitazama nguzo zake. "Sasa hizi niweke wapi?"

"Zungushia bustani," Bilan alisema. "Mbuzi wako wasiingie."