Fundi Bomba wa Pili

Jumamosi asubuhi, saluni ya wanaume ikiwa imefurika wateja, bomba la sinki la kuoshea nywele lilipasuka. Maji yaliruka mpaka kwenye kioo. Mzee aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa alipandisha miguu juu ya kiti, na kinyozi, kijana mtanashati wa shati jeupe na aproni nyeusi, akabaki ameziba tundu kwa taulo huku akimwita Mungu.

"Koki kuu iko wapi?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa mwanamke. Ovaroli ya bluu, buti za mpira, hereni nyekundu, sanduku la vifaa mkononi, na nywele fupi zilizokatwa vizuri kuliko za nusu ya watu waliokuwa pale. Alikuwa anapita zake kwenda kazini, akaona maji yanatoka kizingitini.

"Koki gani?" kinyozi akauliza.

"Kaka, unaishi na bomba hujui linafungiwa wapi?"

Aliitafuta mwenyewe nyuma ya mlango, akaifunga, akapiga magoti chini ya sinki. Bomba lilitengenezwa kinyozi akiwa bado ameshika taulo, amelowa chapachapa.

"Nikupe nini, dada?"

"Namba yako. Lazima nifuatilie kama linavuja."

Benchi zima lilishangilia. Kinyozi alichukua simu, akaandika *Fundi Bomba*. Simu ikamwambia jina hilo tayari lipo. Akaongeza *2*.

Msomaji, nikueleze mapema, maana kinyozi mwenyewe alichelewa sana kueleza. Fundi Bomba wa kwanza hakuwahi kushika spana maishani mwake. Alikuwa mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya taratibu. Kinyozi alimpa jina hilo kwa sababu simu yake hukaa chini ya kioo, na wateja wa saluni wana macho.

Mwaka uliotangulia mama yake mzazi alilazwa hospitali. Siku moja simu iliita mfukoni akiwa ameweka wembe kwenye shingo ya mteja, akaiacha iite mpaka amalize. Kumbe alikuwa dada yake, mama alitaka kusikia sauti ya mwanawe. Alipopiga yeye, mama alikuwa ameshakata roho. Tangu hapo akigusa wembe mkono unatetemeka. Alinyoa kwa mashine tu, na aliyeuliza alijibiwa kwamba wembe umepitwa na wakati. Watu walimwambia ajikaze kisabuni. Alijikaza mpaka usingizi ukamkimbia, ndipo dada yake akampa namba ya mshauri.

Siku ya kwanza alikwenda roho juu, akitegemea kulazwa kwenye kochi na kuulizwa kama husikia sauti. Alikuta viti viwili, dirisha, na boksi la tishu alilolitazama kwa uadui. Mshauri alimwambia kwamba yatakayosemwa mle hayatoki, labda maisha ya mtu yawe hatarini. Swali asilotaka kulijibu aliache. Na wasipoelewana, alikuwa huru kutafuta mshauri mwingine, hakuna atakayenuna. Kisha akamuuliza mambo ya kawaida kabisa: analala vipi, anakula, amekuja kutafuta nini.

"Nataka kushika wembe tena," alisema.

Hakulia siku hiyo, na hakuna aliyemlazimisha. Alirudi nyumbani hoi, akalala fofofo. Baadaye walianza kuongea kwa video kila Alhamisi mchana, yeye akiwa amejifungia kwenye stoo ya taulo na visikilizi masikioni. Mtandao ukikatika, mshauri ndiye aliyepiga tena. Hakuna miujiza iliyotokea. Kuna Alhamisi alizotoka mwepesi, na kuna nyingine alitoka na hasira hata hajui anamkasirikia nani. Ila usingizi ulianza kurudi.

Huku nako mapenzi yalinoga. Fundi alipita kukagua sinki ambalo halikuvuja hata tone, akalikagua tena wiki iliyofuata.

"Haloo, mpenzi, umekula?" fundi alikuwa akimpigia mchana.

"Bado. Sauti yako mbona inatoka shimoni?"

"Niko chini ya beseni la watu. Nimekukumbuka nikiwa na gamba la sabuni puani."

"Unajua kubembeleza, wewe!"

Kinyozi alimpenda kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo alimficha. Aliona mwanamke anayebeba mabomba ya chuma begani hatamtaka mwanamume anayetetemeshwa na kijiwembe.

Basi Alhamisi moja simu iliita wakiwa pamoja saluni. Fundi aliichungulia.

"Fundi Bomba? Mimi niko hapa. Huyu ni nani?"

"Ni... fundi wa zamani."

"Na mimi nani?" Alipekua majina kwenye simu. "Ah! Namba mbili! Yaani hata kwenye kazi yangu mwenyewe nina mke mwenza?"

Alisema kwa kicheko, lakini namba aliikariri. Alhamisi iliyofuata alikuja bila taarifa, amevaa gauni la njano na manukato, anataka kumtoa mpenzi wake kwenda kula. Siku hiyo visikilizi vilikuwa vimeisha chaji. Kupitia mlango wa stoo alisikia sauti ya mwanamke, taratibu kabisa: "Nashukuru umeniamini." Kisha ya mpenzi wake: "Wewe ndiye mtu pekee ninayemwambia haya. Asante. Alhamisi basi."

Mlango ulifunguka kwa teke.

"Nani huyo?"

Kinyozi alifumbua mdomo. Alichoweza kusema ni, "Si unavyofikiri."

"Basi niambie nifikiri vipi!"

Kinyozi alianza kukunja taulo. Fundi alivua bangili aliyopewa na kinyozi, akaiweka juu ya rundo la taulo, akaondoka. Jioni alipiga ile namba.

"Unamfahamu kinyozi fulani wewe?"

"Dada yangu, siwezi kukwambia kama namfahamu mtu au simfahamu. Samahani sana."

"Unaona! Achana na mume wangu!" Alikata simu, akalia uso umezama kwenye mto mpaka hereni zikamuuma.

Kinyozi alipiga wiki nzima bila kupokelewa, yeye ambaye hakuna kitu kilichomuumiza duniani kama simu isiyopokelewa. Alhamisi ilipofika alimweleza mshauri yote.

"Ungependa ajue nini?" mshauri aliuliza.

"Siruhusiwi kusema, si ni siri?"

"Wajibu wa kutunza siri ni wangu mimi. Haya ni maisha yako. Unaweza kumwambia yeyote, au usimwambie. Hebu jaribu kunieleza kana kwamba ndiye yeye."

Alijaribu, akakwama, akajaribu tena. Mwisho wa saa, kwa kuwa lile boksi la tishu lilikuwa mbali ofisini kwa mshauri, alichukua taulo la saluni, akalia nalo bila aibu.

Alimkuta fundi kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, miguu tu ikionekana chini ya mashine.

"Usitoke," alisema akichuchumaa. "Nikikuona uso nitakwama."

Akaieleza miguu ile habari ya mama yake, ya simu, ya wembe, na ya Alhamisi. Buti zilitulia. Kisha fundi alijitoa taratibu, mashavu yana grisi na machozi.

"Yule ni mshauri?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Nimempigia simu nikamfokea aachane na mume wangu."

"Ulimpigia? Hakuniambia."

"Hakukwambia? Hata neno?"

"Hata neno."

Fundi aliikumbuka ile sauti iliyokuwa imemkasirisha. "Basi kumbe ulikuwa kwenye mikono salama," alisema. "Nilikuwa namchukia mtu wa kumshukuru. Ila wewe! Ningekucheka?"

"Niliogopa ungeniacha."

"Nimekuacha kwa kutoniambia. Na mtu akimfokea mwanamke mwingine kwamba aachane na mume wake, wewe huulizi mume ni nani?"

"Mume?"

"Nipe spana hiyo, usibadilishe mada."

Siku hiyohiyo simu ilisahihishwa: *Mshauri*, na *Fundi Bomba* bila namba. Mteja mmoja alipochungulia akauliza mshauri wa nini, kinyozi akajibu, "Wa nasaha. Nilifiwa na mama, nikashindwa peke yangu." Baadaye mteja yuleyule alimvuta pembeni akaomba namba.

Miezi ikapita. Jumapili moja saluni ikiwa imefungwa, fundi alikaa kwenye kiti, akavalishwa shuka, akainamisha kichwa.

"Kisogo, kwa wembe," alisema.

"Nikikukata?"

"Nitapiga kelele. Anza."

Mkono ulitetemeka kidogo. Kinyozi aliushusha, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akarudi. Wembe uliteleza. Mstari wa kwanza ulinyooka, na wa pili pia.

"Usitikise kichwa," alisema. "Nina swali. Nataka tuoane. Unasemaje?"

Kabla hajajibiwa, simu iliita chini ya kioo. Mkono wa kinyozi uliganda pale shingoni. Kwenye skrini aliona jina la dada yake.

Mkono wenye grisi kwenye kucha ulichomoza chini ya shuka, ukaichukua simu.

"Haloo, wifi," fundi alisema bila kutikisa kichwa. "Kaka yako ana wembe mkononi. Nakuwekea spika, ongea naye."

"We nani unayeniita wifi?" dada mtu alipiga kelele huku akicheka.

Kinyozi alitazama kiooni, machozi yanamtiririka. "Nipo, dada," alisema. "Ongea tu, nakusikia."