Kizibo Ndani ya Mashine ya Bigijii

Kila siku akitoka shule, Dorotea alivua sare, akachota maji, akaosha vyombo, kisha akapanda kwenye jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba yao, pale mtaani Mabatini. Jiwe hilo ndilo lililokuwa karakana yake. Alikuwa na nyundo ya marehemu babu yake, na vifaa vyake vilikuwa vizibo vya soda, waya, makopo matupu na kandambili zilizokatika. Kizibo alikigonga hadi kikawa bapa, akakitoboa matundu mawili, akapitisha uzi. Ukiuvuta uzi, kizibo kinazunguka na kuvuma kama nyuki aliyekasirika.

"Doro, na mimi!" watoto walipiga kelele.

"Muongo huyo! Mimi ndiye niliyetangulia!"

Basi Dorotea, mwanafunzi wa darasa la sita, alijiona waziri. Watoto wote wa mtaa walikuwa wake.

Halafu ikaja mashine.

Nurdin, mwenye duka chini ya lile jiwe, aliileta siku moja na kuisimamisha barazani. Ilikuwa nyekundu, ina mguu mmoja mnene na kichwa cha mviringo kinachoonyesha mpaka ndani. Kichwani mlijaa bigijii, zile peremende za kutafuna, za duara, za njano, kijani, bluu na nyekundu. Unatumbukiza sarafu ya mia mbili, unazungusha kishikio, krr, krr, kisha tok! Bigijii moja inaanguka kwenye kijilango. Haikuwa na waya wala betri. Kuitunza alikabidhiwa Mwanaharusi, mpwa wa Nurdin, aliyekaa dawati moja na Dorotea.

Kwa alasiri moja tu, jiwe likabaki tupu.

"Doro!" Mayala, mtoto wa jirani, alipiga kelele kutoka chini, shavu limevimba kwa bigijii. "Vizibo vyako hata mbuzi havitaki! Shuka uone kitu cha maana!"

"Njoo bwana, Doro," Mwanaharusi akaita. "Njoo uzungushe, nitakulipia mimi."

"Mimi sina shida na vitu vya watoto," Dorotea akajibu.

Huo ulikuwa uongo, na mwenyewe alijua. Kila krr iliyopanda pale juu ilimkwaruza moyoni. Alimtazama Mwanaharusi akiifuta mashine vumbi kwa madaha, watoto wamemzunguka, akajiambia: ana nini huyu? Hata msumari hajui kuunyoosha! Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua ile mashine inafanyaje kazi. Yeye aliyefungua redio mbovu, aliyetengeneza gari la waya lenye usukani, leo chombo kisicho na hata betri kimemshinda. Angeweza kushuka akauliza. Lakini kuuliza kungekuwa kukubali kwamba Mwanaharusi ana kitu ambacho yeye hana. Akakaa na donge lake.

Jumamosi mchana Nurdin alikwenda kuswali, na Mwanaharusi alikuwa ndani akimpimia mteja sukari. Barazani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Dorotea alishuka polepole. Mkononi alikuwa na kizibo alichokigonga na kukikata kingo hadi kikalingana na sarafu. Hakutaka bigijii. Hilo lieleweke. Alitaka mashine inyamaze. Akakitumbukiza, akazungusha kishikio. Krr... kikakwama katikati. Akaondoka haraka, akapanda jiweni.

Nurdin aliporudi alikuta watoto wananung'unika na kishikio hakiendi mbele wala nyuma.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mimi, mjomba, lakini..."

"Lakini nini? Nilimkabidhi nani? Nilimkabidhi paka?" Nurdin alifoka. "Mkono wako usiguse tena mashine hii! Na ile safari ya likizo, ya kuvuka daraja la Busisi kwenda kwa bibi yako Geita, isahau. Asiyeweza kutunza chombo atabaki hapa hapa afagie duka."

Mwanaharusi aliisubiri safari hiyo tangu mwaka jana. Alikaa mlangoni, akaficha uso kwenye mtandio, mabega yakitikisika.

Watoto walirudi jiweni. Dorotea alikuwa ameshinda. Lakini mmewahi kuona ushindi wa namna hii? Hakuna aliyeomba kizibo. Walikaa pale wakizungumzia mashine tu, rangi waliyobahatika kupata na rangi waliyoikosa. Na kila Dorotea alipotazama chini, aliona mtandio wa Mwanaharusi umelowa.

Mara Nurdin akatoka na koleo kubwa. "Nitaizungusha kwa nguvu, liwalo na liwe."

Akakaza. Ikatoka sauti nyembamba, iiiik. Watoto wengine hawakuielewa, ila Dorotea aliijua vizuri. Hiyo ni sauti ya bati likijikunja kwenye chuma. Akikaza tena, meno ya ndani yatakatika na mashine haitapona. Yeye Dorotea akinyamaza, hakuna atakayejua milele nani alifanya. Akisema, mtaa mzima utajua.

"Anko, usikaze!" Alijikuta ameshasimama, anateremka jiwe kwa makalio. "Usikaze, utavunja! Kuna kizibo ndani. Nilikitia mimi."

Nurdin akaachia koleo.

"Hee! Kumbe Doro!" Mayala akasema.

Mwanaharusi aliinua uso. "Ulikuwa umekaa pale juu unaniangalia nikilia?"

"Ndiyo," Dorotea akajibu.

Nurdin hakumgusa. Alimtuma Mayala akamwite mama yake Dorotea. Mama Selina, kama mtaa ulivyomwita, alikuja kutoka gengeni, kanga imefungwa kiunoni, mikono inanuka dagaa. Alisikiliza yote, akasema, "Shemeji, fungua hicho chombo. Na wewe Dorotea, simama mbele uone ulichofanya."

Nurdin alifungua kufuli, akakiinua kile kichwa. "Hiki ni plastiki ngumu, hakivunjiki ovyo. Kiwiliwili ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu ili kipate umbo. Sasa tazama hapa chini. Sahani hii ina matundu, na kila tundu linaingia bigijii moja tu. Kishikio kinazungusha gurudumu la meno, gurudumu linazungusha sahani, tundu likifika juu ya njia, bigijii inaanguka."

"Na sarafu?" Dorotea akauliza, macho yamemtoka licha ya aibu.

"Sarafu ndiyo ufunguo. Inakaa kwenye pengo hili, inakisukuma kilimi hiki chenye springi, kilimi kinaachia, ndipo gurudumu linazunguka. Sarafu ya kipimo kingine haiachii kitu. Kizibo chako kilipata kipimo, lakini bati lake ni laini. Kikajikunja, kikaingia kwenye meno."

Kwa ncha ya bisibisi alikichomoa, kimekunjamana kama karatasi. Jino moja lilikuwa limepinda kidogo, lakini halijakatika.

Mama Selina alikichukua kile kizibo, akakiweka kiganjani mwa mwanawe.

"Mimi sisahau, Dorotea. Ulikuwa mdogo wakati sisi akina mama wa kule juu mlimani tulipohangaika miezi na miezi, tukikaa kwenye mabenchi ya maofisa wa maji, mpaka tukapata bomba letu. Wa chini waliona wivu. Usiku mmoja bomba likakatwa. Unadhani waliolikata walipata maji? Sote tukawa tunakunywa maji machafu, wa juu na wa chini, na watoto wakaharisha pande zote mbili. Wale maofisa walicheka, kwa sababu tuligombana sisi kwa sisi na hakuna tena aliyewauliza kitu."

Akashusha pumzi.

"Kutamani kitu cha mwenzako si dhambi. Ukitamani, uliza, jifunze, tengeneza chako. Lakini wewe hukutaka kuwa nacho. Ulitaka Mwanaharusi asiwe nacho. Sasa nionyeshe ulichopata. Ni hicho tu kilichopo mkononi mwako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama." Dorotea alimgeukia Mwanaharusi. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

Mwanaharusi akafuta macho kwa mtandio. Nurdin alikohoa, akajikuna kichwa. "Na mimi nilifoka kabla ya kuchunguza. Mwana, safari yako ya Geita iko palepale."

Kisha akaingia dukani kutafuta mafuta ya cherehani, akawaacha wasichana wawili mbele ya mashine iliyofunuliwa tumbo. Mwanaharusi akaokota bisibisi, bado macho yake mekundu.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Haya, shika hilo gurudumu lisicheze. Mimi nanyoosha jino."