Nani Alikata Barabara ya Msikitini

"Usinitolee macho, Haidari! Kibali cha kuchimba unacho wewe, mtaro uko mbele ya duka lako, sasa unataka nani aseme ni wake? Mimi?"

"Mdomo wako ungekuwa jembe, Zena, Kasulu nzima ingekuwa mahandaki!"

Watu wakacheka. Inspekta Sylvesta Ndihokubwayo hakucheka, ingawa alitamani. Alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro uliokata barabara upande hadi upande. Pikipiki ya Evaristi, kijana wa bodaboda, bado ilikuwa imelala humo, gurudumu la mbele limepinda. Mwenyewe alikuwa hospitali, mfupa wa bega umevunjika. Alfajiri alishuka mteremko kama kawaida yake, hakujua kwamba njia imekatwa usiku.

Barabara yenyewe ilikuwa mpya. Mwaka huo wa 2014 greda lilipita, changarawe ikashindiliwa, na mtaa mzima ukaanza kutembea kwa maringo.

"Utaratibu ni mwepesi, afande," alisema Bwana Melkiadi, fundi sanifu wa ujenzi wa halmashauri. "Barabara ni ya umma. Ukitaka kuikata unaomba kibali, unaweka dhamana, ukimaliza unairudishia kama ulivyoikuta. Haidari aliomba apitishe bomba la maji, na dhamana akaweka. Lakini kibali chake kinaanza wiki ijayo. Kama amewahi kuchimba, dhamana inakwenda kwenye matengenezo. Na kwa kuwa mtu ameumia, yaliyobaki ni yenu polisi."

"Yetu maana yake mahabusu," alisema Sylvesta.

Haidari akashika kichwa. "Afande, leo namwoza Yasmini! Baada ya adhuhuri. Walii ni mimi, baba yake. Nikilala ndani, nani atamwoza mwanangu?"

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Kulikuwa na hina ya bibi harusi, ngoma mpaka usiku wa manane."

"Nani alikuona?"

"Nani hakuniona? Nyumba ilifurika, wengine walikalia magunia ya maharage!"

"Jembe unalo?"

"Nauza majembe, afande."

"Mnaona!" Zena akadakia. Mama huyu alikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara, na habari za mtaa zilipita kwake kabla hazijafika kwa wenyewe.

Sylvesta akamgeukia Melkiadi. "Bomba hulazwa kina gani?"

"Mpaka gotini, au zaidi."

"Huu haufiki hata nusu ya muundi. Na bomba kuu liko wapi?"

"Kule juu, kwenye kona."

"Na huu hauelekei huko. Basi si mtaro wa bomba."

Akautazama udongo. Wote ulikuwa umerushwa upande wa mlimani, ukakaa tuta lililonyooka. Mtu wa mjini hurusha udongo upande wa chini, asiumize mgongo. Sylvesta alizaliwa Muyama, akakulia kwenye mashamba ya miteremko. Tuta lile alilijua.

"Haidari, lete jembe. Chimba hapa pembeni kidogo."

Haidari, mtoto wa Ujiji aliyekulia nyuma ya mizani, akapiga jembe kama anayeua nyoka. Udongo ukatawanyika mteremkoni, mwingine ukamwingia kwenye kanzu ya harusi. Mtaa ukaangua kicheko.

Zena akavumilia pigo la kwanza. La pili akafumba macho. La tatu likamshinda.

"Lete hapa, unalidhalilisha jembe!" Akalinyakua, akafunga kanga kiunoni, akaanza. Udongo ukapanda mlimani, bonge juu ya bonge. "Kwetu Heru Juu unarusha juu! Tuta linakaa upande wa mlima, linazuia maji yasi..."

Jembe likasimama hewani.

Akatazama alichochimba. Akatazama mtaro. Vilifanana kama mapacha.

"Endelea, dada Zena," Sylvesta alisema kwa upole. "Yasifanye nini?"

"Yasiingie jikoni kwangu." Jembe likamtoka mkononi. "Tangu barabara inyanyuliwe, mvua ikinyesha maji yote yanageukia kwangu. Mkaa unaelea, unga unaloa. Jana wingu lilikuwa zito, ngoma inalia, nani angesikia jembe? Nilisema kukipambazuka nitafukia. Evaristi akaniwahi."

"Kwa nini umsingizie jirani?"

"Dhamana yake si ilikuwa tayari halmashauri? Nilidhani watakata hiyo, barabara ipone, halafu nimrudishie polepole. Habari ya mahabusu sikuijua, wallahi. Nikishaanza kupayuka, nikashindwa kurudi nyuma."

"Ungekuja tu kuniambia," alisema Melkiadi. "Ningekuombea kalavati, maji yapite chini ya barabara."

"Utakwenda kituoni kuandika maelezo," Sylvesta alisema. "Gharama ya kurudishia barabara ni yako. Matibabu ya Evaristi pia."

"Ego, afande." Zena akaitikia kwa Kiha. "Nitalipa, hata kwa maandazi."

Haidari alikuwa akijipangusa udongo kwenye kanzu. Harufu ya pilau ikatoka uani kwake. Watu wakamtazama, wakisubiri amwage matusi.

"Afande, kituo kinafungwa saa ngapi?"

"Hakifungwi."

"Basi kitasubiri." Akamgeukia jirani yake. "Zena, umenitia aibu mbele ya wakwe, na hilo tutalizungumza, tena kwa kelele. Lakini Yasmini amekunywa uji wako tangu hana meno. Anaolewaje na wewe umesimama nje? Pita ndani, nawa mikono, ule. Na wewe afande, pita."