Hesabu ya Meja Ndalahwa

Sare ilikuwa imelowa. Mvua haikuwa imeonekana Mwanza kwa wiki tatu, lakini sare ilikuwa chapachapa humo humo kabatini, na shombo la ziwa limejaa chumba kizima. Teodora aliigusa kola, akanusa vidole.

"Mh! Haya sasa makubwa," alisema peke yake.

Mumewe, Meja Ndalahwa wa kikosi cha wanamaji, alikuwa na miezi minne kaburini. Nishani yake bado ilining'inia kwenye hiyo sare. Aliipata kwa kuwaopoa watu kumi na mmoja mtumbwi ulipopinduka karibu na Kamanga. Enzi zake, nyumba yao ya Mabatini haikukauka wageni, kila mtu anataka picha na shujaa. Alipozikwa walikula pilau, wakanawa, hao! Mtoto hawakujaliwa. Upweke ukabaki unamtafuna mama wa watu mchana kweupe.

Kuna jambo wageni hawakulijua. Kila siku saa kumi alasiri, saa ile ile ya ajali, Meja alikaa kitini akahesabu kwa sauti, kama alivyowahesabu watu siku ile: mmoja, wawili, watatu... Akifika kumi na mmoja ananyamaza, jasho linamtoka. Mtumbwini walikuwamo kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa binti mdogo, mkono wake ukamponyoka Meja, akazama.

"Usije ukanimalizia, Teodora," alikuwa akimwonya. "Asiyehesabiwa anangoja kuitwa."

Basi siku hiyo ya sare, ilipogonga saa kumi, kabati likahesabu. Sauti ni ya Meja, kikohozi chake kabisa. "...Kumi. Kumi na mmoja." Kisha kimya, na maji yakidondoka.

Teodora alitoka mbio bila viatu. Kesho yake akamleta Mama Chenge, mganga wa Misungwi, ambaye hata kizingiti hakuvuka kabla ya kuziba pua.

"Huyo si mumeo, mayu, mama yangu," alinong'ona. "Ni jini la maji, limevaa sauti ya marehemu. Sare tutaitupa ziwani. Litahesabu siku saba. Usiitikie, usimalizie. Ukinyamaza, litaondoka."

"Na sauti ya mume wangu?"

"Itaondoka nalo."

Sare ikatupwa, nyumba ikafukizwa. Siku sita Teodora aliuma khanga saa kumi ilipofika, mpaka hesabu ikaisha. Kila siku sauti ilififia.

Siku ya saba alikaa kwenye kiti cha marehemu, maji yakitambaa chini ya mlango wa kabati tupu, yakizilowesha nyayo zake, na ile sauti ikihesabu kwa taabu, saba, wanane, tisa, huku yeye akiwaza kwamba kesho saa kumi hakuna atakayesema neno humu ndani, wala keshokutwa, wala mwakani, mpaka naye wamkute kitini amekauka, na khanga ikamtoka mdomoni bila yeye kujua.

"Kumi na mmoja," sauti ilisema, kwa mbali mno.

"Usiende, baba," Teodora alilia. "Kumi na wawili!"

"Nipo, mama," alijibu mtoto wa kike nyuma ya kiti.

Mkono mdogo, wa baridi, ukaingia kiganjani mwake. Teodora hakuuachia.